Nauli ya Kurudi

Mhadhara kwa wakufunzi wa ufundi na maofisa maendeleo ya jamii

Nimeombwa niseme juu ya mafunzo ya ufundi na faraja ya moyo kwa wanawake walioelemewa na umaskini na manyanyaso. Nitaanza na nauli.

Mwaka 2005, nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyetakiwa kurudi hospitalini kumwona. Hakurudi. Alijitoa uhai. Mama yake alipoulizwa kwa nini hawakuja, alijibu kwamba walikosa nauli ya basi.

Mwaka 2009, hapa kwetu Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula waweze kufika kutibiwa. Matibabu yenyewe yalikuwa bure, lakini kitu cha bure kilichoko mbali na kwako si cha bure. Mtu anayeaminika kule kijijini anapokea fedha kwenye simu, anamkatia mgonjwa tiketi na kumpandisha basi. Fedha hiyo ndogo ilifungua mlango ambao vyumba vya upasuaji peke yake havikuweza kuufungua.

Kwa hiyo nauli ya kwenda tumejifunza kuitafuta. Jioni hii nataka kuisemea nauli ya kurudi. Mwanamke akishatibiwa, akishaondoka kwenye kipigo, akishamaliza kozi ya miezi sita na kupewa cheti, anarudi kwa watu walewale, soko lilelile, mara nyingi nyumba ileile. Anarudi na nini? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kufundisha ushonaji, ni vitu viwili: ufundi ulioingia mikononi, na watu wa kumsikiliza. Viwili hivyo hutolewa pamoja. Ukimpa kimoja ukamnyima kingine, umemshusha njiani.

Kiti cha mlangoni

Mwaka mmoja aliletwa darasani kwangu mwanamke wa miaka ishirini na miwili. Alitoka mkoa wa mbali, alikuwa na fistula, akatibiwa akapona. Wanafunzi walipoambiwa kila mtu achague cherehani, walikimbilia zile mpya karibu na dirisha. Yeye alichagua mbovu iliyokuwa mlangoni. Mkanda wake ulikuwa umelegea, unakanyaga na kukanyaga gurudumu linazunguka kwa kusitasita. Nikamwambia ahamie mbele.

“Hapa pananitosha, Mwalimu.”

Alikalia khanga iliyokunjwa mara nne. Kila baada ya muda aliinuka kidogo, akaipapasa khanga kwa kiganja, akakaa tena. Khanga ilikuwa kavu. Daktari alikuwa amemaliza kazi yake miezi mitatu nyuma. Lakini miaka minne ya kuvuja mkojo, ya kulala kwenye banda la nje, ya kushushwa kwenye gari watu wameziba pua, ilikuwa imemfundisha akae mahali ambapo ataweza kutoka bila kuwapita watu.

Kwa wasioifahamu fistula ya uzazi, niieleze. Mama anashikwa na uchungu na mtoto anakwama. Panapokuwa na hospitali karibu, anafanyiwa upasuaji na wote wawili wanapona. Pasipokuwa nayo, uchungu unaendelea siku moja, mbili, hata tatu. Kichwa cha mtoto kinabana nyama za ndani dhidi ya mfupa, damu haipiti, nyama inakufa, na baada ya siku chache tundu linafunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mara nyingi mtoto huwa ameshakufa. Mama anabaki na msiba, na mkojo usiozuilika usiku na mchana. Ugonjwa huu unazuilika, na walio wengi hutibika kwa upasuaji. Unaendelea kuwapata wanawake wetu kwa sababu barabara ni mbovu, gari halipo, na pengine kwa sababu ruhusa ya kwenda hospitali ilikuwa ya mume au mama mkwe, naye alisema tusubiri kidogo. Umaskini na kuonewa vinakutana katika mwili wa mtu mmoja.

Turudi darasani. Wiki ya tatu uzi wa mwanafunzi yule ulijisokota. Aliyewahi kushona anajua: unakanyaga, cherehani inagoma, unageuza kitambaa unakuta kiota cha nyuzi upande wa chini. Wengine huita mwalimu. Yeye aliinamia cherehani akalia, na kilio kile hakikuwa cha uzi.

Nilivuta kigoda nikakaa pembeni yake. Nikafungua kibati, nikatoa bobini, nikaanza kuchambua uzi mmoja mmoja, polepole kuliko kazi ilivyohitaji. Sikumuuliza kitu. Baada ya muda alishika ncha ya uzi akawa ananisaidia kuvuta, na ndipo akaanza kusema, macho hayakuinuka kwenye bobini. Alisema mtoto alikuwa wa kiume. Alisema walimzika yeye akiwa hajitambui, na hakuna aliyemwonyesha kaburi. Mume alimrudisha kwao mwezi wa pili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Nikianza upya, uzi wa bobini naupitisha wapi?” Nikamwonyesha.

Siku hiyo nilielewa jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Mtu aliyeumizwa hamwambii habari zake anayemkazia macho kutoka ng’ambo ya meza, na daftari mkononi. Anasema wakati mikono yake ina kazi na macho yake yana pa kukaa. Darasa la ushonaji, la kufuma, la kupika mikate ni mahali pa kufundishia, na hapohapo ni mahali pa kufungulia moyo. Anayetenga ufundi ukawa wa Jumatatu na ushauri ukawa wa Ijumaa anakata kitambaa kilichokuwa kimoja.

Mawazo

Lugha yetu haikungoja wataalamu. Tunasema ana mawazo, amekonda kwa mawazo, mawazo yatamuua. Kwa Kishona kule Zimbabwe wanasema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hospitalini ugonjwa huo unaitwa sonona. Mwanamke wa kijijini hatasema ana sonona; atasema kichwa kinamgonga, halali, na hata akikaa na watu hayupo.

Dk. Chibanda, baada ya msiba ule wa nauli, aliamua kuwapelekea watu msaada karibu na kwao. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, hakuwa na chumba wala madaktari wa ziada. Alikuwa na bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa, na benchi la mbao nje ya zahanati. Akawafundisha kusikiliza kwa utaratibu: mwache mtu aeleze yote, mchague pamoja tatizo moja linalotatulika, mpange hatua ya kwanza, mkutane tena. Matokeo ya utafiti wa kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2016. Walihusishwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za sonona chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kazi hiyo imeshavuka mipaka, imefika Malawi na Zanzibar.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi kama fundi ni inayofuata baada ya benchi. Wanawake huunganishwa kwenye vikundi, na katika vikundi hivyo hukaa wakifuma mikoba kwa nyuzi zilizokatwa kutoka kwenye plastiki kuukuu. Wanafuma wanaongea. Mkoba unauzwa, maneno yanabaki pale.

Na si Zimbabwe pekee. Nchini Uganda, mwaka 2003, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Wanavijiji wenye sonona walikutana kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa maeneo yaleyale waliopewa mafunzo mafupi. Walipata nafuu kubwa. Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, hospitali ya Panzi aliyoianzisha Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, na ambayo kazi yake ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, humhudumia mwanamke aliyebakwa vitani kwa nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya moyo, msaada wa sheria, na stadi za kujipatia riziki. Nguzo ya nne ina kazi kubwa, kwa maana mwanamke aliyepona mwili, akarudi asiko na shamba wala mtaji, ni rahisi kuonewa mara ya pili.

Basi kusikiliza ni ufundi, na ufundi wowote una kanuni zake. Fundi hapimi mara moja akakata. Hupima mara mbili. Anayesikiliza hakimbilii ushauri. Hasemi “hata mimi yalinikuta” kabla mwenzake hajamaliza. Hachukui maneno ya darasani akayapeleka kisimani. Na anajua mpaka wake: mwanafunzi akisema hataki tena kuishi, hilo ni la kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo, ukiwa umemshika mkono. Mwalimu wa cherehani si daktari. Ila mara nyingi ndiye wa kwanza kujua.

Walichokuwa nacho bibi zetu

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kigeni. Ndugu zangu, mwanamke wa pwani alikuwa na somo yake, mtu mzima aliyemlea tangu unyago na kubaki msiri wake hata baada ya ndoa. Alikuwa na kikundi cha ngoma, na alikuwa na upatu. Alipofiwa, wenzake walilala kwake arobaini nzima kwa zamu. Hivyo vyote vilikuwa nguzo za moyo, na vilikuwa na nguvu kuliko tunavyovipa heshima.

Kumbukeni ilivyokuwa mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed hakuanza na ofisi. Alianza na vikundi vya ngoma, yeye mwenyewe akiwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Wanawake walikuwa wameshajipanga, wanaaminiana, wana viongozi na sanduku la fedha. Alichofanya ni kuwaita, na chama kikapata maelfu ya wanachama. Yeyote anayetaka kuwasaidia wanawake leo angeanza kwa kuuliza hapa mtaani kina mama wanakaa wapi jioni, kabla hajaunda kikundi kipya chenye jina la mradi.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila cha bibi ni dawa. Wasiri walewale waliomfuta machozi mwanamke, baadhi yao ndio waliomrudisha kwenye kipigo. Mvumilivu hula mbivu, waliambiwa. Methali hiyo ni ya mkulima anayengoja embe. Si ya mtu anayevunjwa mbavu. Nawaomba wakufunzi: neno vumilia lisitoke midomoni mwetu tunapozungumza na mwanamke anayepigwa. Tuseme: nakuamini, si kosa lako, tuone usiku wa leo utalala wapi. Tuchukue ukaribu wa somo, tuache hukumu yake.

Cherehani na mwenye nyumba

Sasa nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma nilishiriki katika mradi mmoja uliogawa cherehani kwa wahitimu. Siku ya kuzigawa palikuwa na turubai, vigelegele na picha. Ripoti iliandika idadi ya cherehani na idadi ya wanawake. Mwaka mmoja baadaye nilipita katika mji mdogo wa jirani nikaiona moja, naijua kwa alama ya rangi niliyoipaka mwenyewe kwenye mguu wake. Ilikuwa kwenye kibanda cha shemeji yake mhitimu. Mwenyewe alikuwa shambani. Nilipomtafuta aliniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, ningekataaje? Nyumba ni ya kwao.”

Tulimpa chombo, hatukumpa sauti ya kusema hiki ni changu. Hatukuzungumza na mume, wala na wazazi, wala hatukumuuliza yeye cherehani itakaa wapi. Tuliandika mafanikio, tukafunga faili.

Utafiti umeonyesha kwa tarakimu tofauti kati ya kutoa chombo peke yake na kutoa chombo pamoja na sauti. Katika vijiji vya Limpopo, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2001, wanawake walipewa mikopo midogo, na katika mikutano ileile ya kurejesha mikopo wakapewa mafunzo juu ya mahusiano, ukatili na Ukimwi. Baada ya miaka miwili, ukatili wa waume na wapenzi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Hapa kwetu Mwanza, utafiti ulioitwa MAISHA ulichukua vikundi 66 vya mikopo vyenye wanawake zaidi ya 1,000. Nusu ya vikundi vikapewa vikao 10 vya mazungumzo, vingine vikaendelea na mikopo tu. Baadaye, waliosema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliokaa kwenye vikao kuliko miongoni mwa wengine. Si muujiza. Lakini nyuma ya tofauti hiyo kuna wanawake ambao mwaka huo hawakupigwa, na gharama yake ilikuwa vikao kumi vya kuongea.

Na tujifunze pia kwa kilichoshindikana. Kuanzia mwaka 2008, shirika la BRAC liliendesha vilabu vya wasichana nchini Uganda, vikiunganisha stadi za kazi na mafunzo ya maisha. Wasichana wanaojipatia kipato waliongezeka, mimba za mapema na ndoa za mapema zikapungua. Mpango huo ulipoletwa Tanzania haukuzaa matunda kama yale. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa nyenzo, hata mahali pa kudumu pa kukutania. Mlio darasani mmenielewa. Mtu hafungui moyo wake chini ya mwembe ambapo leo mnakaa, kesho mnafukuzwa. Mlango unaofungika na paa lisilovuja ni sehemu ya faraja.

Karatasi zinazomlinda

Nauli ya kurudi ina karatasi zake, nazo ni sheria. Siku hizi katika darasa langu, wiki tunayojifunza kukata patani kwenye karatasi ya kaki ndiyo wiki ninayomwalika msaidizi wa sheria. Wanafunzi wanapima na kuchora huku wanauliza.

Wanajifunza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Wanajifunza kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilishikilia uamuzi kwamba kifungu cha sheria hiyohiyo kilichoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kinakwenda kinyume cha Katiba. Wanajifunza habari ya Bi Hawa Mohamed, aliyepeleka shauri lake dhidi ya Ally Sefu hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza, ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokidai siku ile, lakini kanuni iliyotoka kwenye shauri lake imewafaa wanawake waliomfuata. Niliposimulia hili kwa mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja aliweka mkasi chini akauliza, “Kwa hiyo miaka yangu kumi na moja jikoni ilikuwa kazi?” Darasa zima lilinyamaza. Nikamjibu ilikuwa kazi, mwanangu, tena kazi kubwa.

Wanajifunza pia mahali pa kugonga hodi: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ofisa ustawi wa jamii wa kata, na halmashauri ambayo kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Mwanamke asiyejua kuandika barua ya maombi ataisikia redioni tu. Kwa hiyo barua nayo tunaifundisha, kwa kalamu, mpaka kila mmoja aweze kuiandika peke yake.

Tunavyofundisha

Wakufunzi wenzangu, niwaambie mambo manne.

La kwanza, mtoto. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, Mwalimu Nyerere alipochukua mfano wa Sweden wa vyuo vya watu wazima visivyomdai mtu cheti cha shule. Leo viko 54. Katika vyuo hivyo yameanzishwa malezi ya mchana, ili mama aliyekatishwa shule kwa mimba asome huku mtoto wake akilelewa hatua chache kutoka darasani. Ukitaka kujua kama chuo kimewakusudia wanawake kwa dhati, usisome bango la getini. Uliza watoto wanalala wapi saa sita mchana.

La pili, soko. Tumewafanya wanawake wote kuwa mafundi cherehani, mpaka mtaa mmoja una mafundi sita wanaogombea gauni moja. Kabla ya kozi, tutembee sokoni na wanafunzi wenyewe tuhesabu. Mitumba imetawala, basi kuna riziki katika kubana, kupunguza na kubadili zipu. Sare za shule zina msimu wake kila Januari. Na wapo wanawake wenye mikono ya umeme wa majumbani, ya bomba, ya kuchomelea vyuma. Wasizuiwe kwa sababu ya sketi.

La tatu, kikundi kisife na kozi. Wanaotoka kata moja wakae pamoja, wawe na akiba yao na siku yao ya kukutana. Akiba za vikundi tulizozizoea kwa jina la vikoba zina asili yake katika vikundi vya wanawake wa Niger mwaka 1991, navyo viliota hapa kwa sababu upatu ulishalima shamba. Sanduku lenye kufuli tatu linatunza fedha. Kukutana kila wiki kunamtunza mtu: asipoonekana mara mbili, mwenzake anakwenda kugonga.

La nne, tuhesabu kilicho cha kweli. Ripoti zetu zisiishie kwenye idadi ya vyeti. Baada ya miaka mitatu, nani bado anashona? Fedha anaishika nani? Akipata shida usiku, ana namba ya nani kwenye simu?

Nimeulizwa mara nyingi, wanaume je? Mume aliyeitwa mapema, akaonyeshwa kitambaa alichoshona mkewe na akasikia mipango yake kutoka kwake mwenyewe, mara nyingi huwa mlinzi wa ile cherehani. Mume asiyetaka kusikia, hapo ndipo karatasi za sheria zinapofaa.

Na pia tukumbuke kwamba kurudi si lazima kuwe kurudi kijijini. Miaka ya 1960, binti wa Kiethiopia aitwaye Mamitu Gashe alifika Addis Ababa akiwa na fistula, hajawahi kukaa shuleni. Madaktari Catherine na Reginald Hamlin walimtibu. Alibaki hapo akitandika vitanda vya wagonjwa, kisha akawa anawakabidhi madaktari vifaa, kisha akafundishwa kushona majeraha, mpaka akawa mpasuaji wa fistula mwenye sifa duniani, aliyewafundisha madaktari wenye shahada. Wanawake waliolala mbele yake waliguswa na mikono ya mtu aliyewahi kulala pale walipolala. Hatukusudii kila mmoja awe Mamitu. Ila ikiwa mtu hawezi kurudi alikoumizwa, tumpe pa kufika.

Nimalizie na yule wa kiti cha mlangoni. Hakuhama siku moja. Mwezi wa pili alisogea cherehani moja mbele, kwa kuwa jirani yake alihitaji msaada wa kupachika kola na yeye kola alikuwa anaziweza kuliko wote. Mwezi wa nne khanga ile iliyokunjwa niliiona begani kwake. Alipomaliza, chuo kilimpa nauli, wenzake wawili wa wilaya moja wakaondoka naye basi moja.

Ilipita karibu miezi minane. Siku moja ya Desemba simu yangu ikalia, namba nisiyoijua.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?”

Akajitaja. Nikajiandaa kwa habari mbaya, ndiyo tabia yetu walimu. Akasema, “Mwalimu, suruali za shule za wavulana, ule ulimi wa zipu unafunika kutoka upande gani? Tumebishana hapa tangu asubuhi.” Nyuma ya sauti yake nikasikia cherehani zaidi ya moja, na wanawake wanacheka, na mmoja anapiga kelele kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Nikamweleza. Akarudia kwa sauti ili wenzake wasikie. Kisha nikamuuliza kama angependa kuja mwezi wa pili kuwafundisha wapya kola, nimtumie nauli.

“Nitakuja,” akasema. “Nauli usitume, Mwalimu. Nakuja Kariakoo kuchukua vitambaa.”